Mtoto mzima naye hubeba usugu wa dawa

Kuna jambo ambalo sisi wazazi wa Visiwani tumelizoea kiasi cha kutoliuliza tena. Mtoto akiharisha usiku, asubuhi baba hupitia duka la dawa, akaeleza hali ya mtoto kwa maneno mawili matatu, akapewa chupa ya dawa ya maji, akarudi nayo nyumbani. Siku ya pili mtoto akichangamka, chupa hufungwa na kuwekwa juu ya kabati. Wiki inayofuata mtoto wa jirani akipata mafua, chupa ile ile huteremshwa. Hakuna anayekosa usingizi kwa jambo hilo, maana watoto wote wawili hupona na kurudi uwanjani kucheza.

Mwandishi wa makala haya naye amo katika wazazi hao. Chupa nimeinunua, nimeifungua, nimeiacha nusu, na nimemgaia jirani kwa nia njema kabisa. Kwa hiyo haya ninayoyaandika siyaandiki kwa kumnyooshea mtu kidole. Nayaandika kwa sababu nimeelewa, baada ya kuchelewa, kwamba kupona kwa watoto wale wawili hakukuwa mwisho wa habari yenyewe.

Swali ninaloomba tulitafakari leo ni hili: mtoto anayecheza, anayekula vyema na kulala vyema, tunajuaje kwamba ni mzima? Macho ya mama huona mashavu na wepesi wa miguu. Mizani ya kliniki huona uzito. Lakini limo ndani ya utumbo wa mtoto huyo jambo ambalo macho hayalioni wala mizani haiipimi, nalo ni bakteria waliokwisha kuzoea dawa zetu. Mtoto hawaugui, wala hawamsumbui. Anawabeba tu. Na kwa kuwa anawabeba kimya kimya, sisi hatuna habari.

Wakazi wa tumboni

Utumbo wa kila binadamu umejaa bakteria, viumbe vidogo mno wasioonekana kwa macho. Wengi wao si maadui. Husaidia katika kusaga chakula na huwazibia nafasi wale waovu. Mmoja wa wakazi hao wa kawaida ni yule ambaye wataalamu humwita Escherichia coli, au E. koli kwa ufupi. Humwingia mtoto tangu siku za mwanzo za uhai wake, kutoka kwa mama, kutoka katika mikono inayomshika, na baadaye kutoka katika maji na chakula. Akikaa mahali pake, E. koli wa kawaida hana madhara. Akitoka mahali pake, akaingia katika njia ya mkojo au katika damu ya mtoto mchanga aliye dhaifu, ndipo huwa adui wa kuua.

Dawa za kuua bakteria, ambazo kwa lugha sanifu huitwa viuavijasumu na madukani tunaziita antibaiotiki, zinapoingia tumboni hazichagui. Humuua aliyeleta maradhi, iwapo kweli maradhi yameletwa na bakteria, na huwaua pia wakazi wema. Wale wachache ambao dawa haiwadhuru hubaki, na kwa kuwa majirani zao wamekwisha kufa, hupata nafasi na chakula, wakaongezeka. Mkulima anaijua hali hiyo. Ukipita shambani na jembe hafifu, unakata majani laini na kuziacha ndago. Baada ya wiki mbili shamba lote ni ndago.

Jambo hili halikuanza leo. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipotoa hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945 aliuonya ulimwengu kwamba atakayeitumia dawa hiyo kwa kipimo pungufu atawafundisha vijidudu kuishinda. Ulimwengu ulimpigia makofi, kisha ukaendelea na mambo yake.

Mwaka 1959 wataalamu wa Japani walibaini jambo zito zaidi. Waliona kwamba usugu wa dawa unaweza kuhama kutoka kwa bakteria mmoja hadi kwa mwingine, hata kama si wa kabila moja. Bakteria hubeba vipande vidogo vya urithi viitwavyo plazimidi, na huweza kupeana vipande hivyo kama watu wanavyopeana ufunguo mkononi. E. koli asiye na hatia aliyemo tumboni mwa mtoto mzima anaweza kumpa ufunguo huo yule mwovu anayeleta kuhara damu, siku atakapoingia. Isitoshe, plazimidi moja mara nyingi hubeba usugu wa dawa tatu, nne au zaidi kwa pamoja. Ndiyo kusema kwamba anayetumia ovyo dawa moja ya bei nafuu huenda anaulisha na kuukuza usugu wa dawa nyingine ambayo hajapata hata kuionja.

Yaliyoonekana Dar es Salaam

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya nchi za mbali. La hasha. Katika miaka ya 2010 na 2011 watafiti waliwapima watoto 603 wenye umri usiozidi miaka miwili katika jiji la Dar es Salaam. Baadhi yao walikuwa wamelazwa hospitali, na wengine walikuwa watoto wazima waliokuwa majumbani mwao. Kilichotafutwa katika kinyesi chao ni bakteria wenye kutengeneza kimeng'enya kinachozivunja dawa za jamii ya penisilini pamoja na sefalosporini za kisasa, ikiwamo seftriaksoni, sindano ambayo hospitali zetu huitegemea mtoto anapokuwa taabani.

Matokeo yalikuwa haya. Kwa watoto waliolazwa, asilimia 50.4 walikuwa na bakteria hao, yaani nusu. Kwa watoto wazima, asilimia 11.6 walikuwa nao, yaani zaidi ya mtoto mmoja katika kila kumi. Hao hawakuwa wagonjwa. Hao ni watoto wa kubebwa mgongoni, wa kunyonya na kutambaa. Aidha, waliokuwa wametumia antibaiotiki katika siku 14 zilizotangulia walionekana kubeba usugu zaidi kuliko wenzao. Na katika mji wa Mwanza, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha kwamba karibu theluthi moja ya watoto wa mitaani waliopimwa walikuwa na bakteria wa aina hiyo hiyo.

Kati ya Dar es Salaam na Malindi hapa Unguja ni safari ya saa chache kwa boti. Kila siku watu wanakwenda na kurudi, na kila abiria hubeba tumbo lake. Hakuna afisa wa bandari anayeweza kulipekua. Tusijidanganye basi kwamba bahari ni ukuta.

Gharama ya ukimya

Pengine mtu atauliza: kama mtoto haumwi, kuna ubaya gani? Ubaya unaonekana siku mtoto huyo, au ndugu yake mchanga, au mama yake aliyejifungua kwa upasuaji, anapoingiwa na bakteria wale wale katika damu. Hapo daktari hutoa dawa anayoijua, na dawa haifanyi kazi. Saa zinapita. Dawa ya akiba ni ghali, na si kila kituo kinayo.

Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, miaka ya 2001 na 2002, watafiti walifuatilia watoto waliolazwa wakiwa na dalili za bakteria katika damu. Miongoni mwa walioambukizwa bakteria wa kundi ambalo ndani yake wamo E. koli na jamaa zake, waliofariki walikuwa asilimia 43.5. Waliofariki kwa malaria walikuwa asilimia 20.2. Na sababu moja kubwa iliyomtofautisha aliyekufa na aliyepona ilikuwa ni kwamba bakteria aliyemwingia alikuwa sugu kwa dawa aliyopewa. Sote tunaiogopa malaria, na tumeipiga vita kwa vyandarua na kwa kunyunyiza dawa majumbani. Haya maradhi ya pili, yaliyoua mara mbili yake katika wodi ile, wangapi kati yetu tunalijua hata jina lake?

Hesabu ya dunia nzima nayo haifurahishi. Kwa mwaka 2019 peke yake, wataalamu walikadiria kwamba watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya usugu wa bakteria kwa dawa. Katika kila watano waliokufa, mmoja alikuwa mtoto asiyefikia miaka mitano.

Funzo la Bolivia na Peru

Hadi hapa mtu anaweza kudhani kwamba dawa ya tatizo hili ni nyepesi: wazazi waache kununua dawa kiholela, basi, mambo yamekwisha. Ili tuone kwa nini jambo lenyewe si jepesi hivyo, hatuna budi kuvuka bahari hadi Amerika ya Kusini, ambako habari za tumbo la mtoto mzima zimechunguzwa kwa upana kuliko sehemu nyingi.

Mwaka 2002 watafiti waliwapima watoto wazima 3,174, wenye umri wa miezi 6 hadi 72, katika miji miwili ya Bolivia na miwili ya Peru. Haikuwa miji mikubwa ya viwanda na hospitali kuu, bali miji midogo ya mikoani. Asilimia 95 ya watoto walibeba E. koli sugu kwa ampisilini. Asilimia 94 walibeba wenye usugu kwa kotrimoksazoli, ambayo sisi tunaijua zaidi kwa jina la septrini. Kwa tetrasaiklini ilikuwa asilimia 93, na kwa kloramfenikoli asilimia 70. Maana yake ni kwamba katika miji ile, kumpata mtoto asiyebeba usugu wa dawa hizo za bei nafuu lilikuwa jambo la nadra. Watafiti waliporudi mwaka 2005 waliona kwamba usugu wa dawa za kisasa za sefalosporini, ambao mwaka 2002 ulikuwa kwa asilimia 0.1 tu ya watoto, umefika asilimia 1.7. Katika miaka mitatu umeongezeka mara 17. Hivyo ndivyo moto wa pumba unavyokwenda, chini kwa chini.

Lakini habari ya kushangaza zaidi ilitoka katika kijiji kimoja cha Waguarani huko Bolivia, kilichojitenga mbali na barabara na mbali na maduka, ambako watu hawakuwa na mazoea ya kutumia antibaiotiki. Ungetarajia matumbo ya watu wale yawe safi. Haikuwa hivyo. Zaidi ya nusu ya waliopimwa walibeba bakteria sugu kwa dawa moja au zaidi.

Tutafakari maana yake. Watu wale hawakuitumia dawa, lakini usugu uliwafikia. Ulisafiri na wageni, na mifugo, na maji, na mikono. Ukishaingia mahali ambapo kinyesi na maji ya kunywa havijatenganishwa, hauhitaji duka la dawa ili uendelee kuishi. Huzunguka wenyewe, kutoka tumbo hadi tumbo. Nasi watu wa visiwa hatuna budi kulishika funzo hilo kwa mikono miwili. Mzazi mwangalifu kuliko wote katika shehia anaweza kujinyima kila chupa isiyo ya lazima, na bado mwanawe akaupata usugu kutoka katika kisima cha jirani. Usugu wa dawa basi si dhambi ya mtu mmoja. Ni hali ya jamii nzima, na tumbo la mtoto mzima ndicho kipimo chake.

Dawa inayookoa na kudhuru

Lipo na jambo la pili linalotuzuia kusema kwa wepesi. Kati ya mwaka 2014 na 2017 ulifanyika utafiti mkubwa katika nchi za Niger, Malawi na Tanzania, ambako kwa upande wa Tanzania kazi ilifanyika Kilosa, mkoani Morogoro. Watoto wapatao 190,000 wenye umri wa mwezi 1 hadi miezi 59 walihusika. Katika baadhi ya vijiji watoto walipewa dawa ya azithromaisini mara mbili kwa mwaka, wawe wagonjwa au wazima, na katika vijiji vingine walipewa dawa isiyo na nguvu ili kulinganisha. Ilionekana kwamba vifo vya watoto katika vijiji vilivyopata dawa vilipungua kwa asilimia 13.5 kwa ujumla, na nchini Niger kwa asilimia 18 hivi.

Uhai wa mtoto ni uhai wa mtoto, na hakuna mtu mwenye moyo atakayeidharau takwimu hiyo. Lakini watafiti hao hao walipochunguza kinyesi cha watoto nchini Niger baada ya miezi 48, walikuta kwamba alama za usugu kwa dawa za jamii ya azithromaisini zimekuwa mara 7.5 ya zile za vijiji visivyopewa dawa. Dawa ile ile iliyookoa iliacha deni tumboni.

Nimelieleza jambo hili kwa makusudi, ili asije mtu akayachukua maneno yangu na kuyafanya kisingizio cha kumnyima dawa mtoto mgonjwa. Katika nchi maskini bado wako watoto wengi wanaokufa kwa kukosa antibaiotiki kuliko tunavyopenda kukiri. Mtoto mwenye nimonia apewe dawa, tena upesi. Mchanga mwenye homa kali apelekwe kituo cha afya usiku huo huo. Tunachopigania ni kwamba dawa iwe bado ina nguvu siku atakapoihitaji kweli.

Njia ni ile ile ya kipindupindu

Watu wa Zanzibar tuna uzoefu ambao unatusaidia kulielewa jambo hili kuliko wengi. Mwaka 1978 kipindupindu kilibisha hodi kwetu, na tangu hapo kimerudi mara nyingi. Tulijifunza kwa machungu kwamba maradhi yale hutembea kutoka chooni hadi kisimani, kutoka kisimani hadi mdomoni. Njia ya bakteria sugu ni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba kipindupindu huja na kelele, kambi zikafunguliwa, vyakula vya njiani vikapigwa marufuku, na gari la matangazo likapita mitaani. Usugu wa dawa hupita njia ile ile bila ya tangazo.

Serikali imejiwekea mpango wa miaka kumi wa kutokomeza kipindupindu, wa kuanzia 2018 hadi 2027. Ningependa viongozi wetu wauone mpango huo kwa jicho pana zaidi. Kila mfereji wa maji safi unaofunguliwa, na kila choo kinachojengwa mahali ambapo watu walikuwa wakienda ufukweni, kinazuia kipindupindu na kinazuia pia usugu wa dawa. Hatuombwi kuanzisha vita vipya kwa fedha mpya. Tunaombwa kutambua kwamba vita tulivyomo vina faida mbili, na kwa hiyo kuvizorotesha kuna hasara mbili. Afisa wa mipango anayepunguza fungu la vyoo vya skuli kwa hoja kwamba mwaka huu hakuna kipindupindu, ajue kwamba amelipunguza pia fungu la dawa za hospitali, ingawa hesabu hiyo haitoonekana katika vitabu vyake.

Yatupasayo kutenda

Maneno bila ya vitendo ni upepo. Nayataja hapa mambo machache, kila moja kwa mwenyewe.

La kwanza ni la wazazi. Sehemu kubwa ya kuharisha kwa watoto wadogo huletwa na virusi, na antibaiotiki haziui virusi. Mafua ya kawaida ni hivyo hivyo. Utafiti uliofanyika katika nchi saba, Tanzania ikiwa mojawapo, na kuchapishwa mwaka 2021, uliwahusisha watoto zaidi ya 8,000 waliokuwa wakiharisha maji na walio katika hatari kubwa. Ulionesha kwamba kuwaongezea azithromaisini hakukupunguza vifo. Kinachomuokoa mtoto anayeharisha ni maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, yale ya pakiti ya ORS, pamoja na vidonge vya zinki, huku akiendelea kunyonya na kula. Huo umekuwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF tangu mwaka 2004. Kukiwa na damu katika choo, au mtoto amelegea, macho yamezama, hawezi kunywa, hapo si pa duka wala si pa kungoja. Ni kituo cha afya. Na chupa iliyobaki isiwekwe juu ya kabati. Dawa ya maji ya unga ikishakorogwa huharibika baada ya siku chache, na dozi ya mtoto mmoja si dozi ya mwingine.

La pili ni la wenye maduka ya dawa. Ndugu zetu hawa ndio daktari wa kwanza wa wananchi wengi, tupende tusipende. Mteja huja na fedha za vidonge vinne, na muuzaji anajua kwamba akimkatalia atakwenda duka la pili. Naelewa uzito huo. Hata hivyo, vidonge vinne vya rangi mbili havimponyi mtu. Vinawafundisha bakteria tu. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2006 ipo, na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar upo kwa kazi hiyo. Ukaguzi usiwe wa msimu, na usimguse mwenye duka dogo la shamba huku ukimpita mkubwa wa mjini.

La tatu ni la wafugaji wa kuku. Dawa zinazotiwa katika maji ya kuku ili wasife na wakue upesi ni za jamii zile zile tunazowapa watoto wetu. Bakteria hawana habari kama wamo katika utumbo wa kuku au wa mtu. Banda safi na chanjo ya kuku vitangulie, na dawa itumike kwa ushauri wa bwana mifugo.

La nne ni la hospitali zetu. Takwimu za Dar es Salaam zinasema wazi kwamba wodi ni mahali ambapo usugu umejaa. Mtoto anaweza kuingia na maradhi moja akatoka amepona maradhi hayo, lakini amebeba bakteria sugu atakaowapeleka nyumbani kwa ndugu zake. Maji yasiyokatika, sabuni kwenye kila sinki, na mikono iliyooshwa kati ya mgonjwa na mgonjwa si mapambo ya hospitali. Ni tiba.

La tano ni la chanjo. Tangu mwaka 2013 watoto wetu wanapata chanjo ya virusi vya rota vinavyoleta kuharisha, na ya nimokoka wanaoleta nimonia. Mtoto ambaye hakuharisha hakununuliwa dawa, na dawa ambayo haikununuliwa haikuzaa usugu. Mama anayekamilisha kadi ya chanjo anafanya kazi ambayo daktari bingwa hawezi kuifanya baadaye. Na anayemnyonyesha mwanawe maziwa peke yake kwa miezi sita ya mwanzo anamkinga na maji machafu bila ya kutoa senti.

La mwisho, na ndilo nililolikusudia zaidi, ni la Wizara na la wanaogawa fedha za umma. Tuna desturi ya kuwahesabu wagonjwa. Ripoti za kila mwaka zimejaa waliolazwa, waliotibiwa na waliofariki. Mtu mzima hana safu katika ripoti hizo. Lakini tumeona kwamba katika jambo hili habari ya kweli imo kwa yule asiyeumwa. Anayengoja usugu uonekane katika damu ya mgonjwa amechelewa. Ni sawa na kungoja moshi utoke paani ndipo ujue kwamba jikoni kuna moto. Inafaa basi uwekwe utaratibu wa kudumu wa kupima kila baada ya muda maalumu kinyesi cha watoto wazima wachache waliochaguliwa kwa kura, mjini na shamba, Unguja na Pemba, kwa ridhaa ya wazazi wao, na matokeo yatangazwe kwa wananchi bila ya kufichwa. Kazi hii si ndoto. Pale Wawi, Pemba, ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri ambayo imekuwa ikifanya kazi tangu mwaka 2000, na wapo vijana wetu waliosomea fani hii. Mpango Kazi wa Taifa wa kupambana na usugu wa dawa, wa awamu ya 2017 hadi 2022 na wa pili wa 2023 hadi 2028, unatambua umuhimu wa kufuatilia. Mwaka 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ziliahidi mjini New York kupunguza vifo vitokanavyo na usugu kwa asilimia 10 ifikapo 2030. Ahadi iliyotolewa New York hutimizwa katika shehia, au haitimizwi kabisa.

Faida ya kipimo hicho ni kwamba hakimdanganyi mtu. Mfereji ukifika shehiani na vyoo vikajengwa, baada ya muda tumbo la mtoto litasema. Wakaguzi wakifanya kazi yao madukani, litasema. Wakilala, nalo litasema. Na lipo la kutia moyo: bakteria sugu hawadumu milele katika utumbo. Mtoto asipolishwa dawa bila ya sababu, na asipoambukizwa upya kila siku kwa maji machafu, wakazi wema hurudi kidogo kidogo wakachukua nafasi zao. Ndago nayo huisha kwa mkulima asiyechoka.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kimo ndani zaidi ya nguo, na kimo kwa yule tumpendaye kuliko wote. Juu ya kabati langu hakuna chupa tena. Lakini kisima cha mtaa wetu bado kiko hatua chache kutoka chooni, na hilo siwezi kuliondoa peke yangu.